Mizani na Haki: Juu ya Kuwalinganisha Mabondia wa Uzani Tofauti

Neno mizani lina kazi mbili katika Kiswahili. Kwa washairi ni hesabu ya silabi zinazoufanya mshororo uwe mshororo: 8 katika utenzi, 16 katika shairi la tarbia lililozoeleka. Kwa wanandondi ni chombo ambacho bondia hupanda kabla ya pambano, akiwa karibu uchi, ili ijulikane ana haki ya kupigana na nani. Mhakiki anayeuliza kama Muyaka bin Haji alikuwa mshairi mkubwa kuliko Mwengo bin Athumani, mtunzi wa Utenzi wa Tambuka, anauliza swali la jamii moja na lile la mpenzi wa ndondi anayetaka kujua kama Henry Armstrong alikuwa bondia mkubwa kuliko Joe Louis. Katika hali zote mbili walinganishwao walitengwa na mizani. Beti nne nne za Muyaka hazishindani na mamia ya beti za Mwengo, kama ambavyo bondia wa pauni 133 hashindani na bondia wa pauni 200. Hata hivyo ulinganishi huo hufanywa kila siku, na wanaoufanya huwa na hakika kwamba wanasema jambo la kweli.

Katika ndondi za Marekani ulinganishi huu ulipata jina lake mahususi, “pauni kwa pauni”, jina lililoenea sana katika miaka ya 1940 na 1950 lilipohusishwa na Sugar Ray Robinson. Makala haya yanakusudia kuchunguza maana ya kauli hiyo na deni la kimaadili inalomwekea anayeitamka. Mabondia watakaotajwa ni wa nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakati ambapo uzani uliozoeleka ulikuwa wa namna 8 na bingwa wa kila uzani alikuwa, kwa kawaida, mmoja.

Yafaa kuanza kwa kuichukua kauli yenyewe kama ilivyo. “Pauni kwa pauni” ni lugha ya mgawanyo: chukua ubora wa bondia, ugawe kwa uzito wake, kisha ulinganishe majibu. Hesabu hii inabomoka mara moja. Galileo, katika kitabu chake cha 1638 kuhusu sayansi mbili mpya, alieleza kwamba mwili ukikuzwa bila kubadilishwa umbo, uzito wake huongezeka upesi kuliko nguvu zake. Uzito hufuata ujazo, ilhali nguvu ya msuli na uimara wa mfupa hufuata eneo la mkato wake. Mtu aliyeongezwa urefu, upana na unene mara 2 atakuwa na uzito mara 8 na nguvu mara 4 tu. Kwa hiyo mgawanyo wa haki ungempa taji mdogo daima. Jimmy Wilde wa Wales, bingwa wa dunia wa uzani wa flai kuanzia 1916 hadi 1923, ambaye kwa nadra alizidi pauni 108 ilhali kikomo cha uzani wake kilikuwa 112, angekuwa mkubwa wa wakubwa bila mjadala. Na siafu angemshinda Wilde. Hakuna mpenzi wa ndondi anayekusudia jambo hilo. Anayetamka “pauni kwa pauni” hagawanyi chochote.

Anachofanya, aghalabu, ni kuwaza. Humchukua Robinson akamtia katika mwili wa pauni 200, au akampunguza Louis hadi 150, kisha akawaweka ulingoni. Kiswahili kina kiambishi kilichotengwa kwa kazi hiyo. Sarufi iliyosanifiwa inatofautisha -nge-, inayoacha mlango wazi, na -ngali-, inayoufunga: “angeshinda” ni jambo ambalo bado laweza kutokea, “angalishinda” ni jambo ambalo wakati wake umepita bila kutokea. Wasemaji wengi wamezichanganya mbili hizi, na walimu wa sarufi wamechoka kulalamika. Lakini katika suala hili tofauti hiyo ina thamani. Sentensi “Robinson angalikuwa na uzito wa Louis angalimshinda” ni ya -ngali- maradufu, kwa kuwa haielezi tukio lililokosa kutokea tu, inamweleza pia mtu ambaye hakuwahi kuwako.

Hapo ndipo ugumu wa kifalsafa ulipo. Robinson, aliyezaliwa Georgia mwaka 1921 kwa jina la Walker Smith, hakuwa na ubora fulani uliokaa ndani ya mwili kama maji ndani ya mtungi, hata uweze kumiminwa katika mtungi mwingine. Ubora wake ulikuwa namna mwili ule wa pauni 147, na baadaye 157 hivi, ulivyojua kurusha makonde matano au sita mfululizo huku miguu ikirudi nyuma. Mwili wa pauni 200 haufanyi hivyo, na ukifanya, haufanyi kwa muda ule wala kwa sababu ile. Mtu akimwondolea Robinson uzito wake amemwondolea pia mambo yaliyomfanya aulizwe habari zake. Kinachobaki ni jina. Ndivyo ilivyo vilevile kwa yule anayesema kwamba Muyaka angalitunga utenzi bora kuliko tenzi zote. Ukali wa Muyaka ni wa mtu anayelazimika kumaliza neno lake kabla ubeti wa nne haujafungwa. Mpe beti elfu moja na ukali huo hauna tena pa kukaa.

Njia ya pili ni kumpima kila mmoja kwa wenzake. Bondia huulizwa aliwazidi kwa kiasi gani wale aliopanda nao mizani moja, na anayewazidi wenzake zaidi ndiye mkubwa. Njia hii ina staha zaidi, kwa maana haimzui mtu ambaye hakuwako. Kwa njia hii Louis anang’aa: alishika ubingwa wa uzani wa juu kuanzia 1937 hadi 1949 na akautetea mara 25. Lakini kuwazidi wenzako kunategemea wenzako ni nani. Waandishi wa michezo wa Marekani waliwakejeli hadharani baadhi ya wapinzani wa Louis wa miaka ya 1940 na 1941, wakidai kwamba kila mwezi alitafutiwa mnyonge wake. Uzani wa welta na wa kati katika miaka hiyo hiyo ulikuwa umejaa watu hodari, na mtu angeweza kuwa bora mno bila kuonekana akiwaacha wengine mbali. Kuna pia kasoro kubwa zaidi, inayohusu ni nani aliyeruhusiwa kuhesabiwa miongoni mwa wenzake. Hiyo itarejelewa.

Kabla ya kuirejelea, pana swali ambalo wapenzi wa ndondi huliruka. Kwa nini uzito? Ukisemwa kuwa ni bahati ya kuzaliwa, na kwamba si haki kumheshimu mtu kwa bahati, basi mkono mrefu nao ni bahati. Jicho linaloona konde kabla halijaondoka begani ni bahati. Kidevu kisichozimika ni bahati pia, na hakuna mazoezi yanayokitengeneza. Wale wanaomwondolea Louis pauni zake hawamwondolei Robinson wepesi wake. Ikiwa heshima inapasa kutolewa kwa kile tu ambacho mtu amejipatia kwa juhudi, mgawanyo hauna pa kukoma, na mwishowe atabaki bondia asiye na mwili, mwenye bidii tupu, ambaye hakuna aliyewahi kulipa kiingilio ili amtazame.

Jibu halipatikani katika nadharia ya bahati. Linapatikana katika ndondi zenyewe. Mwaka 1909 klabu ya National Sporting Club ya London ilisawazisha aina 8 za uzani na vikomo vyake: 112, 118, 126, 135, 147, 160, 175, na juu yake uzani usio na kikomo. Mchezo huo ungeweza kutenga watu kwa urefu wa mkono au kwa umri. Ulichagua uzito. Kwa kuchagua hivyo ulitoa tamko kuhusu kile unachokusudia kukiheshimu: mchezo ulikiri kwamba kumshinda mtu kwa kumzidi kilo si ushindi unaostahili taji, na kwamba kilichobaki baada ya kilo kusawazishwa, yaani wepesi, akili, uvumilivu, hata kidevu, ndicho kinachotafutwa. Kauli ya “pauni kwa pauni” ni mwendelezo wa ahadi hiyo. Anayeitamka anaiambia ndondi: mlisema uzito hauhesabiwi, basi usihesabiwe hata tunapowaweka mabingwa wote 8 katika safu moja. Ni dai la haki linalojengwa juu ya neno ambalo mchezo wenyewe ulilitoa. Mshairi naye halaumiwi kwa uchache wa silabi za bahari aliyoichagua, kwa kuwa jadi ya ushairi ilikwisha kukubali kwamba tarbia ni tarbia na utenzi ni utenzi.

Olimpiki iliipa ahadi hiyo chombo rasmi. Kuanzia 1936 Kombe la Val Barker lilitolewa kwa bondia aliyeonyesha umahiri kuliko wote katika michezo yote, bila kujali uzani. Wa kwanza kulipata alikuwa Louis Laurie, Mmarekani wa uzani wa flai, aliyerudi na medali ya shaba. Katika michezo ya Mexico ya 1968, ambako George Foreman alitwaa dhahabu ya uzani wa juu, kombe hilo alipewa Philip Waruinge wa Kenya, bondia wa uzani wa unyoya, ambaye naye alikuwa na shaba. Waruinge alikuwa ameshindwa katika nusu fainali na Antonio Roldán, mwenyeji, ambaye hatimaye ndiye aliyepata dhahabu ya uzani huo. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba waamuzi walimheshimu mtu aliyeshindwa kuliko washindi wote, na hakuna aliyeona kwamba wamejikanganya. Ukubwa na ushindi ni vitu viwili. Ulinganishi wa mabondia wa uzani tofauti hauwezekani mpaka hilo likubaliwe.

Ikiwa hivyo ndivyo, ushahidi bora haumo katika -ngali-. Umo katika mapambano ambayo kwayo bondia alivuka mpaka wa uzani wake kwelikweli, akakutana na kile ambacho mizani ilikuwa imemkinga nacho. Mapambano hayo yanasomwa kama matini, na matokeo yake ni sehemu ndogo tu ya maana yake.

Henry Armstrong ndiye mfano ulio kamili zaidi. Tarehe 29 Oktoba 1937 alimwangusha Petey Sarron katika raundi ya 6 na kuwa bingwa wa uzani wa unyoya, wenye kikomo cha 126. Tarehe 31 Mei 1938 aliuruka uzani mzima na kupigana na Barney Ross, bingwa wa welta. Kikomo cha welta ni 147. Ross alikuwa na pauni 142 na Armstrong takriban 133, yaani Armstrong hakujaza hata kikomo cha uzani aliouruka. Alishinda kwa raundi 15, na Ross hakupigana tena baada ya usiku ule. Tarehe 17 Agosti mwaka huo huo alirudi chini kumkabili Lou Ambers wa uzani mwepesi, akashinda kwa kura zilizogawanyika, mdomo wake ukiwa umepasuka vibaya. Inasimuliwa kwamba aliimeza damu yake ili refa asilisimamishe pambano. Akawa na mataji 3 kati ya 8 kwa wakati mmoja. Mwaka 1940 alipigana na Ceferino Garcia kuwania taji la uzani wa kati na wakatoka sare.

Usomaji wa kijuujuu huziona tarehe hizi kama orodha ya ushindi. Usomaji wa makini hutazama jinsi alivyopigana. Mtindo wa Armstrong ulikuwa wa kuingia ndani, kichwa kikiwa kifuani mwa mpinzani, mikono ikifanya kazi bila kupumzika. Mtindo huo ulibatilisha faida za mtu mkubwa moja baada ya nyingine. Mkono mrefu hauna nafasi ya kunyooka kifuani. Konde zito halina mwendo wa kujikusanyia nguvu. Kwa maneno mengine Armstrong hakuupuuza uzito, aliujibu. Mtindo huo huo ulimgharimu: katika pambano la marudiano la 1939 refa alimnyang’anya raundi 5 kwa makonde ya chini ya mkanda, na Ambers akarudishiwa taji lake.

Robinson alivuka mara moja tu kwa namna inayolingana na hiyo. Tarehe 25 Juni 1952, akiwa bingwa wa uzani wa kati, alimkabili Joey Maxim kuwania taji la pauni 175 katika uwanja wa Yankee, New York. Robinson alikuwa na pauni 157 na nusu, Maxim 173. Joto kando ya ulingo lilipimwa kuwa nyuzi 104 za Fahrenheit, yaani 40 za Selsiasi. Refa Ruby Goldstein alilemewa na joto baada ya raundi ya 10 na nafasi yake ikachukuliwa na Ray Miller, jambo lisilo la kawaida kabisa. Robinson aliongoza katika kadi zote. Raundi ya 13 alirusha konde likakosa, akaanguka mwenyewe kwa uzito wa konde lake. Kengele ya raundi ya 14 ilipolia hakuweza kuinuka kitini. Wapenzi wake wamesema tangu siku hiyo kwamba lililomshinda ni joto. Lakini Maxim alisimama katika joto lile lile. Tofauti ni kwamba kwa raundi 13 Robinson alilipia kila pointi kwa mwendo wa miguu, na Maxim alilipia uhai wake ulingoni kwa kumwegemea tu. Uzito haukumpiga Robinson konde hata moja la maana, ulimngojea. Hakuna usiku mwingine uliofichua kwa uwazi zaidi kile ambacho mizani ilikuwa ikimkinga nacho, na wala haumpunguzii kitu. Kinyume chake, mtu anayetaka kujua ubora wa Robinson ulikuwa wa namna gani hana budi kuanzia hapo, katika kushindwa kwake.

Billy Conn naye alishindwa. Tarehe 18 Juni 1941 aliuacha ubingwa wa pauni 175 akapanda kwa Joe Louis. Louis alikaribia pauni 200, Conn alitangazwa kuwa na 174. Baada ya raundi 12 waamuzi 2 kati ya 3 walikuwa wamempa Conn uongozi. Alichohitaji ni kuendelea kukimbia na kuchomoa pointi kwa raundi 3 zilizobaki. Badala yake aliingia kumwangusha Louis, na sekunde 2 kabla ya raundi ya 13 kwisha ndiye yeye aliyehesabiwa. Wengine wameita huo upumbavu. Yaelekea ni sahihi zaidi kusema kwamba Conn alikataa kushinda kwa njia ya mtu mdogo, na akalipa kwa bei ya mtu mdogo.

Louis mwenyewe ana malalamiko ya haki dhidi ya usomaji wa namna hii. Mzito hana pa kupanda. Mwaka 1935 alimwangusha Primo Carnera aliyemzidi kwa pauni zaidi ya 60, lakini hakuna aliyeona ushindi huo kuwa uvukaji wa mpaka, maana wakati huo juu ya 175 hakukuwa na mpaka. Kigezo kinachowapa wadogo fursa ya kujidhihirisha kinamnyima mkubwa fursa hiyo hiyo kwa kosa la kuwa mkubwa. Kasoro hii haina dawa, na kila safu ya “pauni kwa pauni” inayomweka Louis chini ya Armstrong inapasa kusomwa kwa tahadhari hiyo.

Ajabu ni kwamba pambano pekee lililowakutanisha ana kwa ana vinara wawili wa mjadala huu linafundisha kidogo kuliko yote. Robinson alimshinda Armstrong kwa pointi katika raundi 10, tarehe 27 Agosti 1943. Armstrong alikuwa na umri wa miaka 30 na mapambano mengi mwilini, Robinson 22. Imesimuliwa mara nyingi kwamba Robinson alimhurumia mtu ambaye alimwona kama shujaa wake. Kumbukumbu inasema nani alishinda. Haijibu chochote zaidi.

Haifai pia kusahau kwamba anayevishangilia vitendo hivi vya kuvuka mipaka anashangilia hatari. Vikomo vya uzani havikuwekwa kwa ajili ya heshima tu, viliwekwa pia kwa ajili ya mifupa ya watu. Januari 1921 Wilde alipanda ulingoni London dhidi ya Pete Herman aliyemzidi kwa pauni zaidi ya 10, na pambano likasimamishwa katika raundi ya 17 akiwa hana tena uwezo wa kujitetea. Wala usawa wa mizani si kinga ya kutosha: Juni 1947 Jimmy Doyle alifariki siku moja baada ya kuangushwa na Robinson huko Cleveland, wote wawili wakiwa wa welta. Alipohojiwa kama alikusudia kumtia Doyle katika hali mbaya, Robinson alijibu kwa maana kwamba kuwatia watu katika hali mbaya ndiyo kazi yake. Jibu hilo limeitwa la kikatili. Lilikuwa la ukweli tu, na lingepaswa kuwaumiza watazamaji kuliko lilivyomuumiza msemaji.

Sasa yafaa kuirejelea kasoro iliyoachwa nyuma. Ndondi iliahidi kwamba mtu hatakoseshwa taji kwa sababu ya uzito wake. Ikamkosesha kwa sababu ya rangi yake. Jack Johnson alipopoteza ubingwa wa uzani wa juu mwaka 1915, ilipita miaka 22, hadi Louis mwaka 1937, kabla Mweusi mwingine hajaruhusiwa kuuwania. Harry Wills alimngoja Jack Dempsey katika miaka ya 1920 na hakupewa pambano.

Anayeumiza zaidi katika kumbukumbu hizi ni Sam Langford. Alizaliwa Nova Scotia, Kanada, na kimo chake kilikuwa kama futi 5 na inchi 7. Desemba 1903, akiwa angali kijana, alimshinda kwa pointi Joe Gans, bingwa wa uzani mwepesi, katika pambano lisilo la taji. Mwaka uliofuata alitoka sare na Joe Walcott, bingwa wa welta mwenye asili ya Barbados. Mwaka 1906 alipigana raundi 15 na Johnson aliyemzidi uzito kwa mbali, akashindwa. Johnson alipokwisha kuwa bingwa hakumpa nafasi ya pili. Tangu hapo Langford alipigana na wazito kwa miaka mingi, na kwa kuwa wazito Weupe wengi walimkwepa, alilazimika kupigana na Weusi wenzake tena na tena. Na Wills peke yake walikutana zaidi ya mara 15. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa uzani wowote. Mwaka 1944 mwandishi wa habari alimkuta Harlem, kipofu na maskini.

Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii hutumiwa na watu wanaotaka kuonekana waadilifu, na ingefaa kuwa kauli mbiu ya mjadala wote wa “pauni kwa pauni”. Lakini ina pande mbili, na upande wa kwanza ni amri ya kunyonga. Ndivyo hasa alivyotendewa Langford: alinyongwa katika maisha yake yote ya ulingoni, na mwaka 1990, miaka 34 baada ya kufa, akaingizwa katika jumba la mashujaa wa ndondi huko Canastota. Haki inayotolewa baada ya kunyonga ni haki ya namna gani? Anayewapanga mabondia wa zamani kwa kutumia mataji na idadi ya utetezi wa mataji anarudia unyongaji ule ule, ingawa kwa kalamu. Na yule anayemwonea huruma Langford akamzawadia mataji ya kuwazika, akisema angalimshinda huyu na yule, anamfanyia jambo baya karibu sawa na hilo: anayatupa mapambano aliyoyapigana kweli na kumvika yale ambayo hakuyapigana.

Mtego huu wa pili haumo katika ndondi tu. August Wilson, katika tamthilia yake Fences, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1985, anamchora Troy Maxson, mzoa taka wa Pittsburgh aliyekuwa mchezaji hodari wa besiboli katika ligi za Weusi na ambaye mlango wa ligi kuu ulifunguliwa akiwa amekwisha kuzeeka. Maxson anaishi ndani ya -ngali-. Yale ambayo angalikuwa yamemla hata asiweze kuona kwamba mlango umefunguka kidogo kwa mwanawe. Wilson alikulia Pittsburgh jirani na Charley Burley, bondia wa welta na wa kati ambaye, baada ya kuacha ngumi mwaka 1950, alizoa taka za jiji hilo. Burley alimshinda Fritzie Zivic mara 2 katika mapambano 3, na Zivic ndiye aliyemnyang’anya Armstrong taji la welta mwezi Oktoba 1940. Mwaka 1944 alimshinda kwa pointi Archie Moore, aliyekuja kuwa bingwa wa pauni 175 mwaka 1952. Hakupewa nafasi ya kuwania taji la dunia hata mara moja.

Kwa Langford, basi, haihitajiki -ngali- hata moja. Gans, Walcott, Johnson na Wills ni wakati uliopita wa kawaida, -li-, na wanatoka katika uzani mwepesi hadi ule wa juu. Hakuna bondia mwingine wa karne ile, si Armstrong, si Robinson, aliyevuka umbali huo mbele ya wapinzani wa kiwango hicho, na mhakiki anayekubali kwamba ukubwa na ushindi ni vitu viwili hana sababu ya kumweka Langford chini yao. Kwa Burley ushahidi ni finyu zaidi: mapambano machache yaliyo bayana, na ushuhuda wa Moore, ambaye alipigana na Rocky Marciano mwaka 1955 na kijana Cassius Clay mwaka 1962, na ambaye hata hivyo alimtaja Burley kuwa miongoni mwa watu hodari zaidi aliokutana nao ulingoni.